SOMO LA KIKUNDI: Bajeti ya Serikali na Bei ya Unga Wetu



Katika somo hili tunajibu swali linaloulizwa sana katika mikutano ya vikundi: “Sisi tunaweka akiba kila wiki bila kukosa. Mbona ikifika siku ya kununua, pesa hazitoshi?” Wengine huwalaumu wenye maduka. Wengine husema ni mvua. Wengine husema ni serikali. Kila mmoja ana sehemu ya ukweli. Leo tutaangalia zaidi upande wa serikali: inavyotumia pesa, na inavyotafuta pesa ikiwa zile ilizo nazo hazitoshi.

Somo hili linatosha mikutano miwili. Mwenye kusoma awasomee wenzake polepole, na hesabu zifanywe na wote pamoja. Mwe na gorogoro moja, kalamu na daftari. Tutafuata njia yetu ya kawaida: Tuone, Tuamue, Tutende.

SEHEMU YA KWANZA: TUONE

Gorogoro iliyobonyezwa

Kiongozi aweke gorogoro katikati ya wanakikundi, kisha aulize: “Mchuuzi mwenye hila hufanya nini na hii?” Jibu tunalijua sote. Huibonyeza kitako ndani. Mama anakuja, analipa bei ile ile, anaona mahindi yamejaa mpaka yanamwagika, anashukuru. Akifika nyumbani akapima tena, kumbe yamepungua. Hakuna aliyetia mkono mfukoni mwake, lakini ameibiwa. Nabii Amosi aliwakemea wafanyabiashara wa aina hii. Someni mlango wa 8 wa kitabu chake.

Shilingi nayo ni kipimo. Tunaitumia kupima unga, jembe, karo na nauli. Bei ya vitu karibu vyote ikipanda pamoja, na ikaendelea kupanda mwezi baada ya mwezi, maana yake ni kwamba shilingi imebonyezwa kitako. Noti ni ile ile na nambari ni ile ile, ila ndani mmepungua. Hali hii ndiyo inayoitwa mfumuko wa bei.

Tusichanganye mambo. Sukuma wiki ikipanda bei wakati wa kiangazi, huo si mfumuko wa bei. Ni sukuma tu imeadimika, na mvua ikinyesha bei itarudi. Tunasema mfumuko wakati unga, sabuni, mafuta ya taa, nauli na misumari vinapanda vyote, na havirudi.

Jambo lingine linatatiza watu wengi. Kila mwezi Shirika la Kitaifa la Takwimu hutangaza kiwango cha mfumuko. Hulinganisha bei za mwezi huo na za mwezi kama huo mwaka uliopita. Wakisema asilimia 5, maana yake kikapu cha vitu kilichogharimu shilingi 100 mwaka jana sasa ni shilingi 105. Mwezi wa Oktoba 2022 kiwango kilifika asilimia 9.6, halafu baadaye kikashuka. Watu wakauliza: “Ati mfumuko umeshuka, na mbona unga haujarudi bei ya zamani?” Mfumuko kushuka si bei kushuka. Ni kama gari linalopanda mlima. Likipunguza mwendo, bado linapanda.

Yaliyotupata mwaka wa 1992 na 1993

Wazee kwa vijana, ulizeni wale waliokuwa watu wazima wakati huo. Watawaambia.

Novemba 1991 nchi zilizokuwa zikiisaidia Kenya zilisimamisha sehemu kubwa ya misaada yao. Serikali ikabaki na pengo katika bajeti. Mwaka uliofuata ukawa wa uchaguzi, ule wa kwanza wa vyama vingi baada ya miaka mingi, uliofanywa tarehe 29 Desemba 1992. Pesa zilimwagwa kwa kampeni. Noti ya shilingi 500 ilionekana mpaka vijijini, na wananchi wakaibandika jina la Jirongo, yule kiongozi wa vijana wa chama tawala. Baadhi ya benki nazo ziliachwa zichote Benki Kuu pesa ambazo hazikuwa zao.

Juu ya hayo kukawa na Goldenberg. Serikali ilikuwa na mpango wa kuwapa bakshishi wale wanaouza bidhaa nchi za nje, ili walete pesa za kigeni. Kampuni ya Goldenberg ilikubaliwa kulipwa asilimia 35 ya thamani ya dhahabu na almasi ilizosema imeuza nje. Kenya ina dhahabu kidogo sana, na haichimbi almasi. Hata hivyo Hazina ililipa mabilioni ya shilingi. Jambo hili lilichunguzwa na tume iliyoongozwa na Jaji Bosire, ambayo iliundwa mwaka wa 2003.

Kwa hivyo pesa ziliongezeka nchini kwa ghafla. Je, mahindi yaliongezeka? La, wakati huo huo kulikuwa na ukame. Je, viwanda viliongeza sabuni au misumari? Hapana. Pesa nyingi zikaanza kukimbiza vitu vichache. Mwaka wa 1993 bei zilikuwa juu ya zile za 1992 kwa karibu asilimia 46. Dola moja, ambayo mwishoni mwa 1992 ilinunuliwa kwa kama shilingi 36, mwishoni mwa 1993 ilikuwa karibu shilingi 68. Kwa sababu hiyo kila kitu kinachotoka ng'ambo kikapanda: mafuta ya gari, dawa, mbolea.

Tufanye hesabu

Tuseme kikundi cha akina mama kilikuwa na shilingi 20,000 sandukuni katikati ya mwaka wa 1992. Tuseme bati moja lilikuwa shilingi 200. Pesa zao zingenunua mabati mangapi? Mia moja. Lakini wakasema, “Tungoje mwaka mmoja, tumalize kwanza ukuta.”

Baada ya mwaka, bei zikiwa zimepanda kwa asilimia 46, bati la shilingi 200 ni shilingi 292. Gawanyeni 20,000 kwa 292. Mtapata mabati 68, na pesa kidogo za kubaki. Mabati 32 yameenda wapi? Mweka hazina hajala hata senti moja. Daftari liko sawa, kufuli iko sawa, pesa zote ziko. Hata hivyo karibu thuluthi moja ya nyumba imeezuliwa kabla haijaezekwa.

Kikundi kama hiki kinaweza kuvunjika kwa kushukiana bure. Kwa hivyo tunasema somo hili si la watu wa Nairobi tu.

SEHEMU YA PILI: TUAMUE

Serikali ikipungukiwa hufanya nini?

Bajeti ya serikali ni kama ya nyumba. Upande mmoja kuna mapato, na upande wa pili kuna matumizi. Kwetu Kenya matumizi huzidi mapato karibu kila mwaka, na hapo kunakuwa na pengo. Njia za kuliziba ni tatu, na kila moja inafika mpaka kwa meza yako kwa namna yake.

Njia ya kwanza ni kodi. Serikali ikichukua shilingi kwako na kuitumia mahali pengine, haijaongeza pesa nchini. Imezihamisha tu. Kwa hiyo kodi peke yake haileti ule mfumuko usiokwisha. Lakini kodi ikiwekwa kwa kitu kinachogusa vingine vyote, bei huruka. Julai 2023 kodi ya VAT juu ya mafuta ilipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16. Mafuta yakipanda, matatu inapanda, lori la viazi linapanda, na jenereta ya kusaga posho inapanda.

Njia ya pili ni mkopo. Serikali ikikopa hapa nchini kwa kuuza hati za hazina na bondi, inachukua pesa zilizo tayari mikononi mwa watu na benki. Hapo pia pesa haziongezeki sana. Shida ni riba. Wewe na kikundi chako mkienda benki kukopa, mnapanga foleni nyuma ya serikali, na benki inapenda kumkopesha yule asiyeweza kutoroka. Ikikopa ng'ambo, deni ni la dola. Shilingi ikilegea, deni linavimba hata kama hatujakopa tena. Mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa kama shilingi 123, na kufikia Januari 2024 ilikuwa imefika 160 hivi, kabla ya kushuka tena hadi karibu 130. Wakati kama ule, deni lile lile hudai kodi zaidi.

Njia ya tatu ndiyo ya hatari kubwa, nayo ni kukopa Benki Kuu. Watu husema “kuchapisha pesa”. Si lazima mashine izunguke. Benki Kuu inaweza kuandika tu katika vitabu vyake kwamba serikali ina pesa zaidi, na serikali ikaanza kuzilipa. Hizi ni pesa mpya ambazo hazikutolewa kwa mtu. Ni kama wakati wa kugawa mbuzi wa kikundi: mwenyekiti anaongeza tikiti ishirini kwa marafiki zake, lakini mbuzi hakuongezwa. Kila mwenye tikiti ya kwanza atakula kipande kidogo.

Kwa maneno mengine, hii ni kodi ambayo haikupitishwa na Bunge na haina risiti. Tena inamlenga maskini. Tajiri ana shamba, ana nyumba ya kupangisha, ana dola. Vitu hivi hupanda pamoja na bei. Mjane mwenye shilingi elfu tatu ndani ya mkebe hana pa kukimbilia.

Ugonjwa wa 1993 ulitibiwa kwa dawa chungu. Ili kuzirudisha zile pesa zilizomwagwa, Benki Kuu iliuza hati za hazina kwa riba kubwa sana, zaidi ya asilimia 70 kwa mwaka wakati fulani wa 1993. Benki zikaona heri kununua hati kuliko kumkopesha mkulima. Na riba hiyo ililipwa na nani? Na Hazina, yaani kodi zetu. Kufikia 1995 mfumuko ulikuwa umeshuka sana. Bei zenyewe hazikurudi.

Baadaye sheria zilikazwa. Siku hizi serikali haiwezi kudaiwa na Benki Kuu zaidi ya asilimia 5 ya mapato yake ya mwaka yaliyokaguliwa mwisho. Katiba ya 2010, kifungu cha 231, inasema Benki Kuu isiamrishwe na mtu yeyote katika kazi yake. Lengo ni mfumuko wa asilimia 5, na usizidi 7.5 wala kupungua 2.5. Huu ni ukuta mzuri. Lakini ukuta hulindwa na wenye nyumba, na wenye nyumba ni sisi.

Pesa yenye mali na pesa isiyo na mali

Msiondoke hapa mkisema, “Basi serikali isitumie pesa.” Hapana. La kuuliza ni hili: shilingi hii inayotumika italeta kitu gani?

Tulinganishe mambo mawili tuliyoyaona wenyewe. Julai 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi, serikali ilitangaza unga wa kilo mbili uuzwe kwa shilingi 100, wakati bei ilikuwa imepita shilingi 200. Tulishukuru, kwa maana njaa haina subira. Lakini nusu ile nyingine ililipwa na nani? Ni sisi tena, kupitia Hazina. Mpango ulidumu wiki chache, ukakatika, na bei ikarudi juu. Hakuna gunia hata moja la mahindi lililoongezeka shambani kwa pesa zile.

Kuanzia Septemba 2022 mbolea ilianza kuuzwa kwa bei nafuu, shilingi 3,500 kwa mfuko wa kilo 50, na mwaka wa 2023 ikapunguzwa hadi 2,500. Hizi pia ni pesa za Hazina. Lakini mbolea ikifika shambani kwa wakati wake, huzaa mahindi. Mwaka wa 2023 mvua ilisaidia, mavuno yakawa mazuri, na bei ya unga ikashuka. Hatusemi ni mbolea peke yake. Tunasema pesa iliyoenda kwa mbegu imezaa, na pesa iliyoenda kwa mdomo imekwisha.

Hata mbegu inaweza kuharibiwa. Mwaka wa 2024 mbolea bandia iligunduliwa katika mpango huo huo. Mkulima aliyeipata alilipa, Hazina ililipa, na shamba halikutoa kitu. Hapo tunarudi pale pale pa Goldenberg: pesa imetoka na mali haikuja. Wizi wa mali ya umma si dhambi ya wakubwa kule mbali tu. Unapunguza kile kilicho katika sufuria yako.

Vile vile barabara iliyotengenezwa vizuri hushusha bei, kwa sababu viazi havitaoza njiani. Barabara iliyolipiwa mara mbili na kutengenezwa nusu huipandisha.

Tuwe wakweli pia: si kila mfumuko umeletwa na bajeti. Mwaka wa 2022 vita vya Ukraine vilipandisha ngano, mafuta na mbolea dunia nzima, na huku kwetu mvua ilikuwa imekosekana. Serikali haileti ukame. Lakini inaweza kujiandaa. Yusufu alipokuwa Misri alijaza ghala katika miaka ya shibe, na njaa ilipokuja watu walikula.

SEHEMU YA TATU: TUTENDE

Ndani ya kikundi

1. Fungueni ukurasa wa bei. Chagueni vitu vitano mnavyonunua sana, kwa mfano unga, sukari, sabuni, nauli ya kwenda sokoni na bati. Katibu aandike bei zake kila mwezi, tarehe ile ile. Baada ya mwaka mtakuwa na takwimu zenu wenyewe.

2. Msikalie pesa za ujenzi kwa muda mrefu. Hata mfumuko mdogo hula. Kwa asilimia 5 kila mwaka, kitu cha shilingi 1,000 leo kitagharimu kama shilingi 1,630 baada ya miaka kumi. Kama mna mahali salama pa kuweka, nunueni mawe, mchanga au mabati kidogo kidogo.

3. Pesa za kukaa ziwekeni panapozaa, katika sako au benki inayotambuliwa na sheria. Ulizeni riba ni ngapi, kisha muilinganishe na mfumuko. Riba ikiwa asilimia 3 na mfumuko 6, mnarudi nyuma. Lakini mjihadhari na anayeahidi kuwazidishia pesa maradufu kwa miezi michache. Miaka ya 2006 na 2007 Wakenya wengi walipoteza akiba zao kwa njia hiyo, na wengi wao walikuwa watu wa vikundi na makanisa.

4. Kila Januari mtazame upya kiwango cha mchango. Mzunguko wa shilingi 100 kila wiki ambao haujabadilika kwa miaka mitano si mzunguko ule ule tena. Mkiongeza, ongezeni kwa makubaliano, na asiyeweza asiaibishwe.

Nje ya kikundi

Katiba, kifungu cha 201, inataka mambo ya pesa za umma yafanywe kwa uwazi na wananchi washirikishwe. Kwa hivyo mkienda hamwombi hisani. Kalenda ni hii. Mwezi wa Februari serikali kuu na kaunti huweka mpango wa matumizi. Kufikia tarehe 30 Aprili makadirio ya bajeti huwa yamefikishwa Bungeni na katika bunge la kaunti, na baada ya hapo huwa na vikao vya wananchi. Mwaka wa pesa huanza tarehe 1 Julai. Ulizeni kwa ofisi ya wadi au kwa chifu siku na mahali pa kikao, kisha mtume watu wawili. Mmoja aseme, mwingine aandike.

Wabebe maswali matatu tu:

Pengo la bajeti ni shilingi ngapi? Litazibwa kwa nini, kodi au mkopo? Na pesa hizi zitaleta nini ambacho tutaweza kukiona na kukishika?

Kisha mwaka ukiisha mrudi mkaangalie. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu na za Msimamizi wa Bajeti ni za umma. Kama kwenye karatasi kuna kisima na kijijini hakipo, andikeni barua, watu wote watie sahihi, na mbaki na nakala.

MASWALI YA KUJADILI

1. Ni vitu gani vimepanda bei mwaka huu katika soko letu? Ni vipi vilipanda kwa sababu ya mvua, na ni vipi vimepanda tu pamoja na vingine?

2. Akiba yetu ya leo ingenunua nini miaka mitatu iliyopita? Inanunua nini sasa?

3. Mgombea akija na pesa za kugawa, zinatoka wapi? Nani atazilipa baada ya uchaguzi?

4. Katika kata yetu, ni mradi gani wa serikali umeleta mali? Ni upi umeleta matumizi tu?

5. Je, sisi wenyewe tunaendesha bajeti ya kikundi kwa uwazi ule tunaoudai kwa serikali?

Swali la tano msiliruke. Atakayesimama mbele ya baraza na kudai hesabu, lazima daftari lake mwenyewe liwe wazi.

Mwenyezi Mungu, apendaye kipimo cha haki, azibariki kazi za mikono yenu.